Arobaini imekwisha, moyo bado: afya ya mama baada ya kuugua moyo wakati wa ujauzito

Ratiba ya huduma kwa mama aliyejifungua ni fupi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aonwe mara nne: ndani ya saa 24 za kwanza, kisha siku ya pili au ya tatu, kisha kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na mwisho wiki ya sita. Kuanzia hapo anayepelekwa kliniki ni mtoto, kwa chanjo na kupimwa uzito, na mama anakwenda kama mbebaji tu. Nyumbani nako hesabu ni hiyohiyo. Arobaini ikiisha, bibi na shangazi waliokuja kumlea mzazi wanafunga mizigo, maji ya kukandia hayachemshwi tena, na mwenyewe anarudi jikoni, shambani au dukani.

Kwa wanawake wengi hilo halina neno. Kwa aliyeugua moyo katika ujauzito au baada tu ya kujifungua, wiki ya sita ni mwanzo wa safari, na hapohapo ndipo hospitali inapompoteza. Pumzi imerudi, miguu imenywea, dawa alizopewa zimekwisha, nauli ya kurudi hospitali ya rufaa haipo, na pengine hakuna aliyemweleza waziwazi kwamba kujisikia vizuri na kupona ni mambo mawili tofauti.

Tuwatenganishe kwanza, maana wote huitwa "wagonjwa wa moyo" wakati hadithi zao hazifanani. Wapo walioingia kwenye ujauzito wakiwa tayari na moyo mbovu, kwa huku kwetu mara nyingi ni valvu, yaani vilango vya moyo, zilizoharibiwa utotoni na homa ya rumatiki inayofuata maambukizi ya koo, na wengine wamezaliwa na tundu kwenye moyo. Wapo ambao moyo wao ulikuwa mzima kabisa, ukadhoofika mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Na wapo waliopata presha ya mimba au kifafa cha mimba, wakaruhusiwa kurudi nyumbani wakiwa salama, lakini deni la moyo likabaki kudaiwa miaka kumi au ishirini baadaye. Hapa nitakaa zaidi na kundi la pili, kwa sababu ndilo lenye maswali magumu zaidi, na kwa sababu Afrika ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi wa aina hiyo.

Moyo unaochoka wakati wa kuzaa

Ujauzito ni kazi nzito kwa moyo wowote. Damu mwilini huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na moyo hulazimika kusukuma zaidi kila dakika. Mtoto akishatoka, mfuko wa uzazi hujikaza na kurudisha damu nyingi kwenye mzunguko kwa mkupuo, ndiyo maana siku za kwanza baada ya kujifungua ni za hatari kwa mwenye moyo dhaifu kuliko hata uchungu wenyewe.

Ugonjwa ninaouzungumzia madaktari huuita kwa kifupi PPCM (peripartum cardiomyopathy), yaani udhaifu wa misuli ya moyo unaokuja wakati wa uzazi. Mtaani utasikia "moyo umetanuka" au "moyo umejaa maji". Misuli ya moyo inalegea, chemba ya kushoto inashindwa kusukuma damu inavyopaswa, na maji yanarudi nyuma kwenye mapafu na miguu. Shida ya kwanza ni kuutambua. Miguu kuvimba, kuhema ukipanda ngazi, uchovu, mapigo kwenda mbio: mjamzito gani hana haya? Tofauti iko kwenye mambo madogo ambayo mama mwenyewe huyaona kabla ya daktari. Hawezi kulala chali, anataka mito miwili au mitatu. Anashtuka usiku akitafuta hewa, anakwenda kukaa dirishani. Ana kikohozi kinachomjia akilala. Na uvimbe, badala ya kupungua baada ya kujifungua, unazidi. Wengi hutibiwa nimonia, upungufu wa damu au malaria kwa wiki kadhaa kabla mtu hajafikiria moyo.

Kwa nini unatokea? Kaskazini mwa Nigeria, katika miji ya Zaria na Kano, takriban mama mmoja kati ya 100 wanaojifungua huupata. Afrika Kusini ni kama mmoja kati ya 1,000, na Marekani ni nadra zaidi ya hapo. Kwa miaka mingi lawama zilielekezwa kwa mila za Wahausa: mzazi huogeshwa maji ya moto sana, hulazwa kwenye kitanda chenye moto chini yake, na hunyweshwa uji uliotiwa kanwa, chumvi inayotoka ziwani, kwa siku 40. Ilikuwa dhana yenye mantiki, chumvi na joto kwa moyo uliochoka. Lakini sajili ya wagonjwa ya Nigeria iitwayo PEACE ilipochapisha matokeo yake mwaka 2020, uji wa kanwa na maji ya moto havikuonekana kuhusika. Kilichohusika ni kukosa elimu ya shule, kukosa ajira, uzito mdogo wa mwili, na kuwahi kupata dalili za kifafa cha mimba, yaani ile presha ya mimba inayotangulia kifafa chenyewe. Naitaja habari hii kwa makusudi, kwa sababu na huku kwetu mama akijaa maji baada ya kuzaa, mtu wa kwanza kulaumiwa ni aliyemkanda au aliyempikia.

Maabara nazo zimetoa sehemu ya jibu. Mwaka 2007 Denise Hilfiker-Kleiner na wenzake wa Hannover, Ujerumani, walionyesha kwamba prolaktini, homoni inayoleta maziwa, inaweza kukatwa ndani ya mwili ikatoa kipande kidogo chenye sumu kwa mishipa midogo inayolisha misuli ya moyo. Mwaka 2012 Zoltan Arany na wenzake wa Marekani wakaonyesha kwamba kondo la nyuma nalo hutoa protini zinazoidhuru mishipa hiyohiyo, na hutoka kwa wingi zaidi kwa mwenye dalili za kifafa cha mimba na kwa mwenye mimba ya mapacha. Hao ndio hasa ambao PPCM huwaandama zaidi.

Namba ya kuitafuta kwenye karatasi ya eko

Kipimo kikuu ni eko, yaani ultrasound ya moyo. Hakiumi. Unalala ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, unapakwa jeli ya baridi, kisha mpimaji anakandamiza kifaa kati ya mbavu chini ya titi. Mwenye maziwa yaliyojaa atakereka kidogo, basi anyonyeshe kwanza. Baada ya dakika kama 30 unapewa ripoti yenye vifupisho tele, na wengi huikunja bila kuisoma kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza.

Ikunjue. Tafuta herufi EF, na mbele yake kuna asilimia. Hiyo ni sehemu ya damu iliyomo kwenye chemba ya kushoto inayosukumwa nje kwa kila pigo. Usitarajie 100, hakuna moyo unaotoa yote. Mzima hutoa 55 au zaidi kidogo. PPCM hutajwa EF ikiwa chini ya 45. Walioanza na chini ya 30 huwa na njia ndefu zaidi ya kurudi, ingawa wapo wanaorudi kabisa. Tuseme mama alikuwa na 28 wiki ya tatu, akapata 43 mwezi wa sita, akafika 56 mwezi wa kumi na nne: mfululizo huo ndio unaomwambia daktari la kufanya, kuliko namba moja peke yake. Kwa hiyo karatasi zote zitunzwe. Picha za eko mara nyingi huchapwa kwenye karatasi laini kama za risiti, ambazo hufifia na kuwa nyeupe, kwa hiyo zipige picha kwa simu siku hiyohiyo, pamoja na ripoti.

Nani anapona, na kwa muda gani? Mwaka 2015 utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake 100 ulikuta asilimia 72 moyo umerudi kawaida ndani ya mwaka mmoja, lakini kwa wanawake Weusi kiwango kilikuwa chini. Sajili ya kimataifa iliyokusanya wanawake 739 kutoka nchi 49, na kuchapishwa mwaka 2020, ilikuta kwamba ndani ya miezi sita asilimia 6 walikuwa wamefariki na asilimia 46 moyo ulikuwa umerudi. Msomaji anaweza kukata tamaa akiona 46. Asikate. Miezi sita ni mapema, hasa kwa Afrika, ambako wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa na moyo wao huendelea kupata nafuu hata baada ya mwaka. Kosa ni kupima mwezi wa sita, kuona bado, kisha kuacha kila kitu.

Kosa jingine ni la upande wa pili.

"Kwa hiyo daktari, nimepona?"

"Moyo umerudi, mama. Lakini sijakupa ruhusa ya kunipotea."

Jibu la namna hiyo ni sahihi. Wanawake ambao EF yao imerudi kawaida, wakipimwa moyo ukiwa umeongezewa kazi kwa dawa, baadhi yao huonekana kwamba akiba yao ya nguvu ni ndogo kuliko ya mtu ambaye hajawahi kuugua. Wakiwa wamekaa hakuna dalili. Dalili zinakuja siku moyo ukipewa mzigo, na mzigo mkubwa kuliko yote ni ujauzito mwingine.

Dawa ipi inaponya

Hapa kuna mkanganyiko unaogharimu maisha, na naona hauelezwi vya kutosha dirishani pa dawa. Mgonjwa huondoka na aina tatu au nne. Moja ni ya kukojoza, furosemaidi, maarufu kama Lasix. Hiyo ndiyo anayoiona ikifanya kazi: ameze asubuhi, mpaka mchana amekwenda msalani mara kadhaa, kifua kimelegea. Nyingine ni za kutuliza moyo, kama bisoprololi au kavediloli, na za kupunguzia moyo mzigo, kama enalapril. Hizi hazionyeshi chochote siku hiyo, na pengine zinamfanya ajisikie mnyonge wiki za mwanzo. Basi fedha zikipungua, mama ananunua ile ya kukojoza na kuacha nyingine. Kumbe ya kukojoza inatoa maji tu, na maji yakiisha daktari mwenyewe huipunguza. Zinazoupa moyo nafasi ya kujijenga upya ni hizo mbili zisizo na makeke.

Zinanywewa hadi lini? Wataalamu wengi hushauri ziendelee angalau mwaka mmoja baada ya eko kuonyesha moyo umerudi kabisa, si mwaka mmoja tangu kujifungua. Zikiachwa, zinaachwa moja moja, kwa kupunguza dozi, na eko inarudiwa njiani, kwa kuwa wapo ambao moyo hulegea tena. Ambaye EF haikurudi hutumia dawa maisha yote. Na hata aliyeruhusiwa kuziacha aendelee kupimwa kila mwaka.

Moyo dhaifu una hatari nyingine: damu hutuama kwenye chemba na kuganda, na donge likichomoka linaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kiharusi kwa mama mwenye miaka 27. Ndiyo sababu wenye EF ya chini sana hupewa pia dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kuna swali la maziwa. Kwa kuwa prolaktini inashukiwa, watafiti walijaribu bromokriptini, dawa inayoizuia. Karen Sliwa na wenzake wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 2010 jaribio la wanawake 20: kati ya 10 waliopewa bromokriptini juu ya dawa za kawaida alifariki mmoja, na kati ya 10 waliopewa za kawaida tu walifariki wanne. Matokeo ya kutia moyo, lakini watu 20 ni wachache, na dawa hiyo hukausha maziwa. Mahali ambapo maji ya kuchanganyia maziwa ya kopo ni ya kisima na kopo lenyewe linamaliza mshahara, kumwachisha mtoto ni uamuzi wa kufikiriwa kwa pande zote mbili. Daktari wa Hannover na daktari wa Shinyanga wanaweza kuamua tofauti na wote wakawa sahihi. Asiyepewa bromokriptini kwa kawaida anaweza kunyonyesha akiwa kwenye dawa nyingi za moyo. Enalapril, kwa mfano, inakubalika kwa mama anayenyonyesha.

Lakini enalapril hiyohiyo ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Na mama aliyekaushwa maziwa anaweza kushika mimba mapema zaidi, kwa kuwa ile kinga ya mimba inayoletwa na kunyonyesha haipo. Kwa sababu hizi mbili uzazi wa mpango unaanza kabla hajatoka wodini, usisubiri wiki ya sita. Vijiti vya mkononi na kitanzi vinafaa. Vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili havifai, kwa kuwa huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Mtoto mwingine

Hili ndilo swali ambalo mama hulileta akiwa amelificha ndani ya swali jingine, hasa kama aliyezaliwa ni wa kwanza, au hakuishi. Mwaka 2001 Uri Elkayam na wenzake wa Marekani walichapisha habari za wanawake 44 waliobeba mimba tena baada ya PPCM. Kwa wale ambao moyo ulikuwa umerudi, karibu mmoja kati ya watano alipata tena dalili za moyo kushindwa, lakini hakufariki hata mmoja. Kwa wale ambao haukuwa umerudi, dalili zilimpata karibu nusu yao, na asilimia 19 walifariki. Ndiyo maana ambaye EF yake bado iko chini huambiwa asibebe mimba kabisa, na si maneno ya kutisha watu.

Ambaye moyo wake umerudi yuko kwenye eneo la kijivu. Haambiwi hapana, anaelezwa hatari, kisha anaamua. Na tusijidanganye kwamba anaamua peke yake. Mume yupo, mama mkwe yupo, wifi anauliza kila Idi. Ushauri wangu ni kwamba mume aingie chumba cha eko. Akionyeshwa moyo wa mkewe ukidunda kwenye skrini na kuelezwa ile namba, mazungumzo ya nyumbani hubadilika, na mama hataonekana anasingizia. Wakiamua kuendelea, daktari wa moyo abadilishe dawa kabla mimba haijashikwa, eko irudiwe mara kadhaa ujauzito unapokua, na kujifungua kupangwe kwenye hospitali yenye daktari wa moyo na wa wanawake pamoja. Upasuaji si lazima. Moyo ukiwa umetulia, njia ya kawaida mara nyingi ndiyo salama zaidi.

Hospitali hizo ni chache. Kwa Tanzania jina linalojulikana ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyo eneo la Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015. Uganda wana Taasisi ya Moyo pale Mulago. Mtu wa Kigoma hawezi kwenda Dar es Salaam kila miezi mitatu. Anachoweza ni kupanga na daktari wa rufaa mambo yapi yafanyike mkoani, kama presha, damu na kubadilisha dozi, na yapi yamrudishe Dar.

Valvu, na presha iliyoondoka

Kwa wenye valvu za rumatiki nitasema mawili tu. Sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne haikomi kwa sababu mtoto amezaliwa. Ndiyo inayozuia homa kurudi na kuila valvu zaidi. Na aliyewekewa valvu ya chuma asiache wafarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, kwa kuogopea maziwa. Wafarini karibu haipiti kwenye maziwa. Valvu ikiganda kwa kukosa dawa, mama anaweza kufa kwa muda mfupi sana.

Kundi la tatu ndilo kubwa kuliko yote na ndilo lisilojijua. Presha ya mimba ikishuka baada ya kujifungua, kila mtu hushukuru Mungu na kusahau. Lakini uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2007 ulikusanya tafiti zilizofuatilia wanawake kwa zaidi ya miaka kumi na kukuta waliopata dalili za kifafa cha mimba wana uwezekano wa karibu mara nne wa kuwa na presha ya kudumu, mara mbili wa ugonjwa wa mishipa ya moyo, na karibu mara mbili wa kiharusi. Hatari ni kubwa zaidi kwa ambaye ugonjwa ulianza mapema hadi mtoto akazalishwa kabla ya wakati. Tangu 2011 Shirika la Moyo la Marekani linaihesabu historia hiyo pamoja na sigara na kisukari linapopima hatari ya moyo kwa mwanamke.

Mama huyu hahitaji mashine wala mtaalamu. Anahitaji kupimwa presha walau mara moja kila mwaka kwa maisha yake yote, na sukari, na mafuta ya damu pale yanapopimwa. Akifika hospitali na miaka 48, kichwa kinamuuma, aliye mbele yake ni tabibu ambaye hakuwepo mwaka ule, na kadi ya kliniki ilishapotea zamani. Ataulizwa kama ana kisukari, kama kwao kuna presha. Kuhusu mimba zake haulizwi, kwa hiyo aseme mwenyewe: niliwahi kupata kifafa cha mimba.

Historia hiyo ina thamani kwa ndugu pia. Mwaka 2016 uchunguzi wa jeni kwa wanawake 172 wenye PPCM ulikuta asilimia 15 wana hitilafu za aina moja na zile zinazopatikana kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi wa moyo kutanuka, nyingi zikiwa kwenye jeni ya protini ya misuli iitwayo taitini. Kwa baadhi yao, basi, ujauzito uliufichua udhaifu uliokuwamo kwenye ukoo. Daktari akiuliza kama kuna ndugu aliyefariki ghafla, au shangazi aliyejaa maji baada ya uzazi na kuzikwa bila ugonjwa kutajwa, anatafuta hicho. Na mdogo wa mgonjwa akishika mimba, amweleze mkunga hudhurio la kwanza, apangiwe eko kabla ya kujifungua na nyingine baada yake, hata kama anapanda ngazi bila kuhema.